Mja mzito anayetapika mchana kutwa hadeki

Na MWANDISHI WETU

HAKUNA mtaa hapa nchini usio na mama wa aina hii. Mimba ina wiki saba hivi, majirani hawajajua lolote, lakini yeye tayari amekonda kama mtu aliyetoka kulazwa. Vitunguu vikikaangwa nyumba ya tatu, harufu yake humtoa nje mbio. Chai haikai tumboni, uji haukai, hata maji matupu hurudi. Kwenye matatu huomba kiti cha dirishani, na kazini huwa amekwenda msalani mara sita kabla ya saa nne.

Halafu huja maneno. Mama mkwe atasema yeye alizaa wanane na hakuacha jembe hata siku moja. Mume atauliza, kwa sauti ya chini, kama kweli mambo ni mabaya kiasi hicho. Shemeji atanong'ona kwamba huyu anadeka. Wengine watatoa ile hukumu ya siku zote, kwamba mimba imemkataa mume, ndiyo sababu bibi hataki hata kusikia harufu ya shati lake.

Msomaji mpenzi, ikiwa wewe ni mmoja wa wanaosema hivyo, makala haya yanakuhusu kuliko yanavyomhusu mama huyo. Mwezi Desemba mwaka 2023, wanasayansi wa Uingereza, Marekani na nchi nyingine walichapisha utafiti katika jarida la Nature ulioonyesha chanzo kikubwa cha kutapika huku. Si deko, si chuki kwa mume, wala si moyo mwepesi. Ni protini moja ndogo iitwayo GDF15, na kwa sehemu kubwa haitoki kwa mama. Inatoka kwa mtoto aliye tumboni.

Kwanza tuelewane kuhusu protini zenyewe. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria maharagwe, mayai na nyama. Lakini mwili hujitengenezea maelfu ya protini zake, na baadhi yazo kazi yao ni kupeleka habari. Seli zilizo sehemu moja ya mwili zikitaka seli za mbali zijue jambo, humwaga protini katika damu, nayo husafiri hadi ikutane na seli yenye kipokezi kinacholingana nayo, kama ufunguo unavyolingana na kufuli yake. Insulini, ambayo wagonjwa wa kisukari wanaijua vyema, ni mjumbe wa aina hiyo. GDF15 ni mjumbe mwingine.

Ilitambuliwa mwaka 1997 na kundi la Profesa Samuel Breit huko Sydney, Australia, ambalo lilikuwa likichunguza seli za kinga na wala si mambo ya uzazi. Baadaye ikaja kueleweka kwamba karibu seli yoyote ya mwili huweza kuitengeneza ikiwa taabani, iwe ni kwa sumu, kwa maradhi au kwa uvimbe wa saratani. Ni kama kengele. Mwaka 2007 kundi hilo hilo la Sydney lilionyesha kwamba panya wenye uvimbe unaomwaga protini hii kwa wingi huacha kula na kukonda. Kilichokuwa hakijulikani ni nani hasa anayeisikia kengele hiyo.

Jibu lilipatikana mwaka 2017, na makundi manne ya watafiti yalilifikia karibu kwa wakati mmoja. Kipokezi cha GDF15 kinaitwa GFRAL, nacho kiko mahali pamoja tu, sehemu ndogo ya chini nyuma ya ubongo, juu kidogo ya kisogo. Hapo pana chembe za neva ambazo kazi yake ni kuionja damu. Sehemu nyingine za ubongo zimezungukwa na ukuta unaozuia vitu vingi vya damuni visipenye. Hapa ukuta huo umeachwa wazi makusudi, ili sumu ikiingia mwilini ubongo upate habari mapema na kuamrisha tumbo lijitapishe. GDF15 ikifika hapo, amri ni ile ile: acha kula, tapika.

Sasa turudi kwa mja mzito wetu. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hutengeneza GDF15 kwa wingi mno. Tangu wiki za kwanza kiasi chake katika damu ya mama huanza kupanda, nacho hubaki juu hadi siku ya kujifungua. Watu husahau kwamba kondo hilo si kiungo cha mama. Limeota kutokana na yai lile lile lililomfanya mtoto, na urithi wake ni wa mtoto, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Watafiti wa mwaka 2023 walitumia tofauti ndogo za kimaumbile baina ya protini ya mama na ya mtoto kuzitenganisha ndani ya damu ya akina mama, wakakuta kwamba sehemu kubwa kabisa ilikuwa ya upande wa mtoto. Yule mume anayelalamika kwamba mimba imemkataa angefaa kujua kwamba ujumbe unaomtapisha mkewe umeandikwa kwa mkono wake pia.

Lakini hapo pana swali. Ikiwa kila mimba humwaga protini hii, mbona wengine wanatapika na wengine wanakula hata mabaki?

Kuchafukwa na moyo ni jambo la kawaida kwa waja wazito. Katika kila 10, kama 7 hivi hulipata kwa namna moja au nyingine. Huanza wiki ya 4 hadi ya 6, hupamba moto karibu na wiki ya 9, na wengi huwa wamepata nafuu kati ya wiki ya 16 na ya 20. Wazungu huuita ugonjwa wa asubuhi, jina la kupotosha kabisa kwa sababu hauchagui saa. Wapo wachache, mmoja au wawili katika kila 100 kwa makadirio ya kawaida, ambao kwao si kuchafukwa na moyo tena bali ni ugonjwa hasa. Madaktari huuita haiparemesisi. Huyu hutapika hadi mwili unakauka maji, uzito unashuka kwa zaidi ya sehemu 5 kati ya 100 (yaani mama wa kilo 60 anapoteza kilo 3 na zaidi katika wakati ambao angetakiwa kunenepa), na mwili huanza kuchoma mafuta na misuli yake ili upate nguvu.

Aliyelivalia njuga swali hilo ni Marlena Fejzo, mtaalamu wa urithi huko California, Marekani. Mwaka 1999 alipata mimba yake ya pili, akatapika hadi akawa hawezi kujisogeza kitandani, na katika wiki ya 15 mtoto akafia tumboni. Amesimulia hadharani kwamba daktari wake hakuuchukulia ugonjwa huo kwa uzito uliostahili. Tangu hapo aliamua kuutafuta mzizi wake. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitangaza kwamba walikuwa wamelinganisha urithi wa zaidi ya wanawake 1,300 waliotapika vibaya na wengine zaidi ya 15,000 ambao hawakutapika. Tofauti iliyojitokeza kwa nguvu kuliko zote ilikuwa karibu na jeni inayotengeneza GDF15.

Ungedhani basi kwamba wanaotapika sana ni wale ambao miili yao ilizaliwa na tabia ya kutengeneza GDF15 nyingi. La. Fejzo aliposhirikiana na Profesa Stephen O'Rahilly wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao, walikuta kinyume chake. Walio hatarini zaidi ni wanawake ambao, kabla ya kushika mimba, damu yao huwa na GDF15 kidogo. Kuna badiliko moja la nadra katika jeni hiyo ambalo huifanya protini ikwame ndani ya seli isitoke. Mwanamke mwenye badiliko hilo hatari yake ya kupata haiparemesisi ni zaidi ya mara kumi ya wengine.

Hili si gumu kulielewa kwa mtu aliyewahi kusafiri kwa jahazi. Mtoto wa Lamu aliyelelewa baharini hukaa ukingoni akila mkate wakati mawimbi yanapanda na kushuka, ilhali mgeni wa kutoka bara, hata kabla chombo hakijatoka mlangoni mwa bandari, ameshaanza kuomba ndoo. Bahari ni moja. Tofauti ni mazoea. Ubongo wa mwanamke aliyezoea GDF15 tangu awali hausumbuki sana mimba inapoimwaga. Ubongo wa yule ambaye hakuizoea hushtuka kama wa mgeni wa jahazini.

Ushahidi mwingine ulitoka Sri Lanka. Huko wako wanawake wenye ugonjwa wa damu wa kurithi uitwao thalasemia, ambao hufanya GDF15 iwe juu sana maisha yote. Walipoulizwa kuhusu mimba zao, ni wachache mno waliokumbuka kuchafukwa na moyo, wakilinganishwa na wenzao wasio na ugonjwa huo. Panya nao walijaribiwa. Waliotangulia kupewa protini hiyo kwa kiasi cha kuwazoeza hawakuacha kula walipokuja kupewa kiasi kikubwa kwa ghafla.

Hapa niweke onyo, maana najua wasomaji wangu. Uvutaji wa sigara pia hupandisha GDF15, na ni kweli kwamba wanawake waliokuwa wakivuta kabla ya mimba hutapika kwa kiasi kidogo. Asije mtu akaichukua hii kuwa tiba. Sigara humdumaza mtoto tumboni na huweza kumuua, na hakuna kichefuchefu kinachostahili bei hiyo.

Mazoea hayo hayo huenda ndiyo yanayoeleza kwa nini wengi hupata nafuu mwezi wa nne au wa tano ilhali protini bado iko juu. Na kwa kuwa kila mtoto ana urithi wake, huenda pia ndiyo sababu mwanamke mmoja hutaabika kwa mimba hii na kupumua kwa ile. Tusidai, hata hivyo, kwamba GDF15 inaeleza kila kitu. Jeni nyingine pia zimeonekana kuhusika, na mama mwenye mapacha huwa katika hatari zaidi.

Ugunduzi huu umechelewa kwa wengi. Charlotte Brontë, yule Mwingereza aliyeandika Jane Eyre, aliolewa Juni 1854 na kufariki Machi 31, 1855, akiwa mja mzito, akiwa amelala kitandani kwa miezi hali chakula. Cheti chake kilitaja kifua kikuu, lakini wengi waliochunguza maisha yake wanaamini kilichomuua ni kutapika. Hata katika karne ya 20 wako madaktari walioandika kwamba mwanamke wa namna hii anaikataa mimba yake moyoni, au anamkataa mumewe. Ukiyatazama vizuri maneno hayo utayaona ni yale yale ya shemeji yetu, ila yamevaa koti jeupe.

Kisha ikaja thalidomaidi. Dawa hii ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, na ikapewa pia waja wazito kutuliza kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa madukani huko mwishoni mwa 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa na ulemavu, wengi wakiwa hawana mikono au miguu kamili. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu Dkt Frances Kelsey, aliyekuwa mkaguzi wa dawa wa serikali, alikataa kuipitisha.

Hofu iliyobaki ilikuwa na haki yake, lakini nayo ilizaa madhara. Dawa nyingine ya kichefuchefu, Bendectin, iliondolewa sokoni na watengenezaji wake mwaka 1983 kutokana na kesi nyingi huko Marekani, ingawa tafiti hazikuonyesha kuwa inadhuru watoto. Baada ya hapo idadi ya waja wazito waliolazwa kwa kutapika ilipanda. Mseto huo huo wa dawa, doksilamini pamoja na vitamini B6, uliidhinishwa upya Marekani mwaka 2013, miaka 30 baadaye. Hadi leo wako akina mama wanaoambiwa wavumilie tu, na wako wahudumu wanaoogopa kuandika chochote mimba ikiwa changa.

Hapa kwetu pana tatizo lingine ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Akina mama wengi huanza kliniki mimba ikiwa imepita miezi minne. Kutapika nako hupamba moto mwezi wa pili na wa tatu. Kwa hivyo wakati anaoumwa zaidi hana kadi, hajapimwa uzito, hana muuguzi anayemjua. Anayemwona ni mama mkwe na mwenye duka la dawa. Akija kufika kliniki ameshapata nafuu, na hakuna anayeuliza yaliyopita.

Zaidi ya hayo, katika maeneo ya Ziwa na Pwani, mja mzito akitapika jirani humwambia ni malaria, akameza vidonge bila kupimwa. Huenda ni malaria kweli, nayo ni hatari kubwa kwa mama na mtoto, ndiyo maana damu ipimwe. Kutapika kwa mimba peke yake hakuleti homa. Kukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo au kuungua wakati wa kwenda haja ndogo, basi kuna jambo jingine la kutafutwa.

Je, nyumbani lifanyike nini? Ale kidogo kidogo na mara nyingi, vitu vikavu, kabla tumbo halijawa tupu. Kipande cha mkate au biskuti kiwekwe kando ya kitanda akile kabla ya kuinuka. Maji anywe kwa funda ndogo. Tangawizi si uzushi wa mabibi, kwani Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 liliitaja pamoja na vitamini B6 kuwa vyafaa kutuliza kichefuchefu cha mimba changa. Kazi ya jikoni ishikwe na mtu mwingine kwa wiki hizo, na mume akiwa ndiye mtu huyo hapotezi chochote. Vidonge vya madini ya chuma huongeza kichefuchefu kwa baadhi ya akina mama. Asivitupe kimya kimya, bali amwambie muuguzi ampangie namna nyingine. Na wale wanaokimbilia odowa wajue kwamba mawe hayo huweza kubeba madini ya risasi, na huuzuia mwili kufyonza chuma kinachojenga damu.

Hayo ni kwa kichefuchefu cha kawaida. Kwa mwenye haiparemesisi, ushauri wa tangawizi na biskuti ni kama dhihaka. Mama asiyeweza kushikilia chakula wala maji kwa siku nzima, ambaye mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi au haupati kwa saa nane, anayeona kizunguzungu akisimama, au ambaye nguo zinampwaya ndani ya wiki mbili, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Atatundikiwa maji na kupewa dawa za kuzuia kutapika. Ziko nyingi zilizotumiwa na waja wazito kwa miaka mingi, zikiwemo promethazini na metoklopramidi, na daktari ndiye wa kuchagua.

Jambo moja wenye mgonjwa wanaweza kulikumbusha kwa heshima. Aliyetapika kwa wiki kadhaa huwa ameishiwa vitamini B1. Akitundikiwa maji ya glukosi kabla ya kupewa vitamini hiyo, ubongo wake unaweza kudhurika, pengine moja kwa moja. Kwa hiyo vitamini hutangulia, sukari hufuata. Kuuliza si kumkosea daktari adabu.

Kuna maswali mawili ambayo huulizwa kila mara. La kwanza, je, anayetapika sana atazaa msichana? Wazee hawakukosea kabisa. Tafiti kubwa zimeonyesha kuwa miongoni mwa waliolazwa kwa kutapika, wasichana huzaliwa kwa wingi kidogo kuliko kawaida, lakini tofauti ni ndogo mno kununulia nguo za waridi. La pili, je, asiyetapika mimba yake ina kasoro? Hapana. Ni kweli utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulikuta kuwa wenye kichefuchefu hupoteza mimba kwa kiasi kidogo zaidi, lakini mamilioni hawatapiki hata mara moja na hujifungua salama.

Kuhusu tiba, milango miwili imefunguka. Mmoja ni kuziba sikio la ubongo lisiisikie protini hii, au kuinasa protini yenyewe ingali katika damu. Dawa ya namna hiyo, ponsegromabu, iliwaongezea uzito wagonjwa wa saratani waliokonda katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2024, lakini kuipa mimba changa ni suala jingine, na kwa historia tuliyoieleza hakuna atakayeharakisha. Mlango wa pili ni kuuzoeza mwili mapema. Metformini, dawa ya kisukari ya bei nafuu, hupandisha GDF15, na watafiti wameanza kuchunguza kama mwanamke akiimeza kabla ya kushika mimba atapunguziwa makali. Asijaribu mtu bila daktari.

Aliyewahi kuugua haiparemesisi yumo katika hatari kubwa ya kuugua tena. Anayepanga mimba nyingine na aende hospitali kabla hajashika mimba, akiwa na kadi yake ya zamani ikiwa aliitunza, aeleze alipoteza kilo ngapi, alilazwa mara ngapi na ni dawa gani iliyomsaidia. Dawa ikianzwa mapema, kichefuchefu kingali kidogo, mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko ile inayoletwa mama akiwa tayari hawezi kusimama.